Nani Atadeki?

Kama daktari amekuambia uanze dripu, na wazo la kwanza lililokujia halikuwa kifo wala watoto, lilikuwa "sasa nani atadeki?", basi sogea tukae, wewe ni mwenzangu. Nilidhani niko peke yangu duniani mwenye akili za namna hiyo. Baadaye kwenye benchi la kliniki nikakuta tuko wengi. Mama mmoja wa Sengerema aliniambia kwamba alipotajiwa ugonjwa wake, kitu alichokumbuka ni maharage aliyoyaacha jikoni.

Siandiki kukufundisha saratani. Wenye kuijua wapo, wanavaa makoti meupe na wanatembea haraka. Mimi niliishia kidato cha nne, na alama yangu ya biolojia mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini ili asinidhalilishe. Naandika kuhusu nyumba, maana nilipougua mwili, nyumba nayo iliugua, na nusura tupoteze vyote viwili.

Mimi ni mtu wa ndani. Tunakaa Mkolani, vyumba vitatu chini ya majabali, na ukinitoa pale hata kwenda Mirongo kununua kitambaa naanza kukumbuka kitanda changu. Lakini usichanganye mtu wa ndani na mtu wa usafi. Usafi wangu ulikuwa wa taarifa. Mgeni akipiga simu kwamba ameshuka Mkolani stendi, ndipo nyumba inapigwa fagio, viatu vinasukumwa chini ya kitanda, vyombo vichafu vinafunikwa beseni, na akibisha hodi ananikuta nimekaa nimepaka mafuta, natabasamu kama mtu asiyejua vumbi ni nini. Ratiba ya kazi za nyumbani nilikuwa nikiipanga kila mwezi, kwa ajili ya mwezi unaofuata.

Kiangazi kilipochanganya na vumbi likawa linaingia mpaka kwenye chumvi, nikagusa kitu kigumu kwenye titi la kulia. Sitakuchosha na vipimo. Titi liliondoka, pamoja na vile vitezi vya kwapani, na siku ya kutoa nyuzi tulikaa mbele ya daktari mimi na Baba Kulwa, mume wangu.

"Mkono huu wa kulia usibebe ndoo," daktari akasema. "Usifue nguo nzito. Usideki umeinama muda mrefu. Ujihadhari na kisu, na moto."

"Na kusonga ugali?"

"Wa watu wangapi?"

"Wanne. Lakini huyu," nikamwonyesha Baba Kulwa, "mhesabu kama wawili."

Daktari hakucheka. Baba Kulwa alicheka, kisha akatoka nje, nikamsikia anapenga kamasi kwenye korido.

Zikaja dripu, kila baada ya wiki tatu. Chumba cha kusubiria nilikijua kuliko sebule yangu. Nilijua kiti chenye mguu mfupi, nilijua kona ambayo upepo wa ziwa unafika, nilijua kwamba mtu anayeletwa na ndugu watano ni wa mara ya kwanza, na anayekuja peke yake na chupa ya chai ni mzoefu, mwulize yeye. Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu kama sharubati ya harusini. Nilipoenda msalani na kuona mkojo mwekundu, nikapiga kelele nikijua ndiyo mwisho.

"Mama, si tulikuambia?" nesi akaniuliza kupitia mlangoni.

Walikuwa wameniambia. Mimi nilikuwa nawaza vyombo.

Nywele zikaondoka zote kwa mara moja, kama zimekubaliana. Kucha zikawa nyeusi, nikawa na vidole vya fundi baiskeli. Ulimi ulikuwa kama nimelamba betri. Mimi mla dagaa niliyebobea, jirani akikaanga nyumba ya tatu natapika huku. Kibaya zaidi ni harufu ya sabuni. Hebu fikiria: mtu ambaye maisha yake yote ametafuta sababu ya kutofua, Mungu anamletea sababu ya kitaalamu, naye hana hata nguvu ya kuifurahia.

Nyumba ikaanza kulegea. Baba Kulwa anasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi mjini, anaondoka alfajiri, anarudi amechoka. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, wasichana wa darasa la sita, walikuwa wanakuja na soksi zilizosimama zenyewe. Uwanja haukufagiliwa, kwa sababu vumbi likitimka nakohoa mpaka mshono unauma, na watoto waliogopa kumkohoza mama yao.

Jumamosi moja Baba Kulwa akaamua kufanya usafi wa kihistoria. Alitoa makochi yote nje. Akatoa meza, akatoa na godoro letu. Akanitandikia mkeka sebuleni nilale, akawasha moto wa kuni uwanjani achemshe maji. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Sasa, kama wewe ni mtu wa huku kwetu umeshaelewa. Makochi yakitoka nje na mkeka ukaingia ndani, na uwanja una majani ya siku nyingi, hakuna haja ya kuuliza. Msibani hakufagiliwi mpaka tanga lianuliwe. Ndivyo walivyo Wasukuma, na ndivyo walivyo Wahaya, na jirani yetu Mama Koku ni Mhaya, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka Bukoba. Alipotokeza kwenye ua wa michongoma, begi likaanguka, kanga ikafungwa kiunoni.

"Yesu wangu! Mama Kulwa! Umetuacha na nani?"

Baba Kulwa akatoka nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa moshi, machozi yanamtiririka. Akamwambia, "Afadhali umekuja, Mama Koku. Peke yangu siwezi."

Alimaanisha kulibeba godoro.

Mama Koku alilia mpaka wanawake wa njia nzima wakaja. Mmoja alishika kilo ya sukari. Mwingine akauliza kama mwili bado uko hospitali. Mimi ndani kwenye mkeka nikasikia kilio, nikajua kuna jambo limempata jirani, nikajikokota na kipara changu nikishika ukuta mpaka mlangoni.

"Jamani, nani amekufa?"

Mama Koku akanitazama. Akakaa kwenye godoro taratibu, kama mtu anayeshushwa na kamba.

"Wewe," akajibu.

Tulicheka sana siku ile, na sukari sikuirudisha. Lakini katika zile dakika za kilio, kuna mwenye huruma alikuwa ameshapiga simu Misungwi, kwa mama mkwe wangu. Waliompigia tena kusahihisha hawakumpata. Alikuwa njiani analia, simu iko ndani ya mkoba, mkoba uko ndani ya begi.

Alifika jioni. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama kichwani, akashuka na macho mpaka miguuni, akarudi juu.

"Marahaba," akasema. "Kwa hiyo unaniamkia."

Akaniangukia begani, upande wa mshono. Niliumia na sikumwambia.

Kesho yake baada ya chai akatukalisha, mimi na mwanawe. Alishapanga kila kitu. "Nyumba hii imeshaita msiba," alisema. "Sitakaa nisubiri uitikie." Mimi nihamie Misungwi aniuguze mwenyewe, siku za dripu nitakuwa naletwa. Kulwa akamalizie darasa la sita kwa shangazi yake Geita, Doto kwa shangazi mwingine Shinyanga. Baba Kulwa atafute chumba karibu na kazini. Nyumba ipangishwe mpaka hapo Mungu atakapoamua.

"Ng'wanawane," akaniambia, mwanangu, "nakuonea huruma."

Na ndicho kilichonitisha. Ungekuwa uchokozi ningekuwa na la kujibu. Ulikuwa upendo, na mbele ya upendo wa mama mkwe unajikuta unafungasha. Lakini nilijua kitu kimoja kama ninavyojua jina langu: nikitoka mle, nyumba ile haitafunguliwa tena. Wale watoto walichangia tumbo, wanachangia kitanda, na mimi nilikuwa nahitaji kelele zao kuliko uji. Nikamtazama Baba Kulwa. Alikuwa anahesabu vigae vya sakafuni. Mtoto wa kiume mbele ya mama yake, utamsaidiaje?

"Mama," nikasema, "nipe dripu moja na wiki zake tatu. Kaa hapa uone mwenyewe. Asubuhi moja tu ukikuta uwanja huu haujafagiliwa, nafunga begi langu, na ya watoto nafunga mimi."

"Hata ukiwa unatapika?"

"Hata nikiwa natapika."

Baba Kulwa aliniangalia kama nimesema nitaogelea mpaka Ukerewe. Na alikuwa na haki. Mwanamke ambaye akiwa mzima wa afya alishindwa kufuata ratiba hata wiki moja, leo anaweka dau kwa ratiba akiwa na titi moja na mkono wenye likizo.

Ila safari hii nilikuwa nimegundua kosa langu la miaka yote. Nilikuwa napanga kazi kwa siku: Jumatatu kufua, Jumanne vumbi. Mgonjwa wa dripu hana Jumatatu. Ana wiki ya kulala, wiki ya kukaa, na wiki ya kusimama. Basi nikaipanga nyumba ifuate mwili wangu, isiwe mwili unaikimbiza nyumba.

Wiki ya kulala, yaani ile inayofuata dripu, kazi yangu ilikuwa mdomo tu. Uwanja ni wa mapacha kabla ya shule, wananyunyizia maji kwanza vumbi lisipande. Maji na kufua ni kwa Baba Kulwa. Wiki ya kukaa, nafanya kila kazi inayokubali makalio: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumenya kwa uangalifu, kufuta viatu, kupangusa vyombo. Utashangaa nyumba ina kazi ngapi za kukaa; ni vile tu tumelelewa tuamini kwamba kazi ni kuinama. Wiki ya kusimama nafagia kwa mkono wa kushoto, napika, na naandaa vya wiki ya kulala, karanga zitwangwe, maharage yachambuliwe, mashuka ya akiba yawe tayari. Na vyombo nilivifunga kwenye boksi, nikabakiza sahani moja na kikombe kimoja kwa kila mtu. Sahani ikiwa moja haiwezi kurundikana.

"Na mgeni akija?" mama mkwe akauliza.

"Atakula kwenye sahani ya Baba Kulwa."

Mama alikaa kibarazani kama msimamizi wa mtihani. Nilipoleta dekio la mpini mrefu, alilizunguka kama vile ni nyoka aliyekufa. Kwao mwanamke anadeki kwa tambara, ameinama, magoti yamenyooka, na mgongo ukiuma ndiyo heshima yenyewe.

"Mwanamke anadeki amesimama wima? Kama mlinzi wa getini?"

"Mlinzi wa titi, mama. Lililobaki."

Akatazama pembeni. Siku ya kufua ndiyo ilimvunja moyo kabisa. Alimkuta mwanawe ameinamia beseni, mapovu mpaka kwenye viwiko.

"Baba," akamwita, maana alimpa jina la baba yake mzazi, "unafua chupi?"

"Ni za mke wangu, mama. Sijachukua za jirani."

Hata hivyo alizianika nyuma ya choo, akazifunika kanga, zikawa zinachukua siku mbili kukauka. Heshima na jua havikupatana. Na mimi uwanja wangu wa mkono wa kushoto ulikuwa unaonekana kama umefagiliwa na bata. Lakini ulifagiliwa. Wiki ya kulala ikapita, ikapita ya kukaa, nikasimama. Nikadhani nimeshinda, kumbe mama hakuhesabu kama mimi. Akasema wiki ya kusimama hata yeye asingekuwa na wasiwasi nayo. Anataka kuona nitakavyoanguka tena. Kwa hiyo dripu iliyofuata akabaki, na begi lake halikufunguliwa vizuri.

Vuli ilikuwa imeanza. Siku chache baada ya dripu hiyo, mvua ikapiga toka usiku mpaka asubuhi. Mapacha walitakiwa shuleni mapema kwa mtihani, wakaondoka na mvua, wamejifunika mfuko wa saruji. Baba Kulwa alikwenda kupokea lori. Uwanja haufagiliwi mvua ikinyesha, kila mtu anajua. Mvua ikakatika baada ya wao kuondoka. Nikachungulia dirishani. Majani ya mpapai yameanguka, matawi ya michongoma, tope, na juu yake wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi, wamekufa vichuguu vichuguu chini ya taa. Na kibarazani mama amekaa kwenye stuli, mkono shavuni.

Nilikuwa katika wiki ya kulala, siku mbaya kuliko zote.

Sitakudanganya kwamba niliamka kwa ujasiri. Niliamka kwa hasira. Nilikuwa na hasira na mvua, na lori, na huo ugonjwa ulionipunguza upande mmoja na sasa unataka na watoto. Nikabeba kigoda, nikakiweka uwanjani, nikakaa, nikafagia pale mkono wa kushoto unapofika. Nikakisogeza kigoda, nikakaa, nikafagia. Nikatapika. Nikafukia, nikafagia na juu yake. Kilemba kikaanguka kwenye tope, nikakiacha. Waliopita njiani wakanisalimia wakitazama mawe.

Nilipofika kwenye mpapai, katikati kabisa ya uwanja, miguu ikakataa. Haikuwa kuchoka. Ilikuwa kama imezimwa. Nikashika fagio, nikachora mstari ardhini kutoka mpapai mpaka ukutani. Nikaliweka chini.

"Mbona umeacha?" mama akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Sijaacha. Nimemaliza."

"Na upande ule?"

"Ule ni uwanja mwingine."

"Uwanja wa nyumba hii ni mmoja."

"Ulikuwa mmoja, mama. Nimeugawa leo. Huu wangu umefagiliwa."

Akafungua mdomo ajibu, na hapo Mama Koku akatokeza kwenye ua. Akatazama upande uliofagiliwa, akatazama upande wa majani, akanitazama mimi nimekaa tope mpaka magotini, kipara wazi. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta ncha ya kanga.

"Mama Kulwa, kwema? Mbona nusu?"

"Mama Koku," nikasema, "wewe umezika watu wengi. Umewahi kuona msiba wa nusu?"

Akafikiri kwa dhati kabisa. "Hapana. Huo sijauona."

"Basi kapike."

Nikasikia sauti kibarazani. Nilipogeuka, mama amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilijua analia, nikajiandaa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka stuli ikalia.

Hakushika fagio. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, maana angelishika angekuwa ameshinda yeye. Aliingia ndani, akatoka na beseni la maji ya uvuguvugu, akachutama mbele yangu, akaninawisha miguu, tope lote likatoka. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi hata kumpa mkono bila kupiga goti. Upande wa pili majani yalibaki mpaka mapacha waliporudi.

Jioni nikiwa nimelala nikamsikia anaongea na simu kwa ile sauti ya wazee, kana kwamba Geita wangemsikia hata bila simu.

"Kile kitanda ulichomtandikia Kulwa, kitandue! Nimesema kitandue! Haji! ... Mama yake? Mama yake amegawa uwanja... Hutaelewa. Mpigie na wa Shinyanga."

Nikaugeukia ukuta nikalia ninavyotaka.

Dripu zilizobaki zilikwisha kabla ya masika, nikaenda kwenye mionzi iliyoniunguza kifua kikawa kama chapati iliyosahaulika, na hiyo nayo ikapita. Nywele zimerudi laini kama za kifaranga. Mkono wa kulia huvimba nikijisahau, nauinua juu ya mto nao unashuka. Kila nikienda kupimwa moyo unadunda vilevile, sitakuambia unazoea. Wiki zangu sasa zina Jumatatu tena, lakini bado nagawa: kazi za kusimama, kazi za kukaa, na kazi ambazo zinaweza kunisubiri.

Wewe unayeanza, watakuja watu wanaokupenda, wamepanga kila kitu. Wapokee, wape chai. Kisha chagua kipande cha nyumba yako ambacho hutakiachia, hata kikiwa na ukubwa wa mkeka, ukae juu yake.

Hapa ninapoandika, jikoni Kulwa na Doto wanagombana zamu ya vyombo ni ya nani, wamefika kwenye kutajana kasoro za kuzaliwa. Zamu ni yangu. Siendi mpaka wamalize.